Damu Iliyotoka Kamituga na Makala Tusiyoweza Kuisoma

Maswali ya wasomaji wa Bukavu na viunga vyake

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya cha Kadutu, lakini mwaka 2024 nilifanya kazi Kamituga kwa miezi minne, wakati wa ugonjwa wa mpox. Kila asubuhi tulikuwa tunapangusa vidonda vya wagonjwa kwa kijiti chenye pamba, tunakitia ndani ya kichupa, tunaandika namba juu yake na kukiweka katika sanduku la barafu. Wagonjwa walikuwa wananiuliza, "Dada, hivi vinakwenda wapi?" Nilikuwa nawajibu kwamba vinakwenda Kinshasa. Baadaye nilisikia kwamba kuna makala iliyoandikwa juu ya wagonjwa kama wale. Nilipoitafuta kwa simu nilikuta aya moja tu ya utangulizi, na chini yake sharti la kulipa dola 39. Naomba kujua mambo mawili: vitu vilivyotoka katika miili ya watu wale ni mali ya nani sasa? Na kwa nini nilipe ili nisome habari za ugonjwa niliouhudumia kwa mikono yangu?

JIBU: Mama, nitaanza na swali la wagonjwa wako, kwa sababu lako halijibiki kabla ya lao. Uliwaambia ukweli, ila jibu lako liliishia njiani. Sampuli za mpox husomwa katika maabara za taasisi yetu ya kitaifa ya utafiti wa tiba, ambayo sote tunaiita INRB. Huko mashine husoma herufi za vinasaba vya kirusi, nazo ni takriban 197,000. Zikishasomwa huwekwa katika hifadhi za kompyuta ambazo mtafiti wa Atlanta au wa Copenhagen anaweza kuzifungua siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyojulikana kwamba kirusi kilichoanza kusambaa mwishoni mwa 2023 katika mji ule wa wachimba dhahabu kilikuwa cha tawi jipya, lililopewa jina la Ib, na kwamba tawi hilo limepoteza kipande cha vinasaba ambacho kipimo cha zamani kilikuwa kikikitafuta. Kipimo hicho kilikuwa kinaweza kumwambia mgonjwa kwamba hana kirusi cha aina hiyo ilhali anacho. Kwa hiyo vijiti vyenu havikwenda bure: vilirekebisha vipimo, na vilichangia katika uamuzi wa Shirika la Afya Duniani wa kutangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024.

Naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kijiti chenyewe ni kitu cha kushikika, nacho huenda kingali katika friji ya maabara fulani. Herufi zilizosomwa ndani yake ni kitu kingine kabisa, kwa sababu zinanakiliwa mara milioni bila kupungua na hakuna afisa wa forodha anayeweza kuzizuia mpakani Ruzizi. Mwenye kijiti anaweza kujulikana, lakini mwenye herufi hajulikani kirahisi hivyo, na ubishi mkubwa wa miaka hii umejikita hapo.

Historia ya Ebola katika nchi yetu inauonyesha ubishi huo vizuri kuliko maelezo yangu. Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipoua watu Yambuku, Profesa Jean-Jacques Muyembe alikwenda huko, akashika wagonjwa kwa mikono mitupu, kisha akachukua damu ya mtawa mmoja mgonjwa, na damu hiyo ikasafirishwa katika chupa ya chai hadi Antwerp, Ubelgiji. Kwa miaka mingi sifa za ugunduzi ule ziliwaendea watu wa Ulaya na Marekani, na jina la Muyembe likawa la pembeni. Mwaka 1995 ugonjwa ulipozuka Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokuwa wamepona, na 7 kati yao wakaishi. Wataalamu wengi wa nje hawakusadiki. Lakini miaka 11 baadaye ilichukuliwa damu ya mtu mmoja aliyenusurika Kikwit, na katika maabara za serikali ya Marekani, kwa ushirikiano na INRB na taasisi moja ya Uswisi, ikapatikana ndani yake kingamwili, yaani protini ya mwili inayopambana na ugonjwa, iliyoitwa mAb114. Dawa iliyotengenezwa kwa kuifuata ilijaribiwa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018. Miongoni mwa waliopewa walifariki 35 hivi katika kila 100, wakati dawa iliyokuwa kipimo cha kulinganishia ilipoteza karibu 50 katika kila 100. Mtu mmoja wa Kikwit, ambaye wengi wetu hatumjui kwa jina, amewapa wanadamu dawa.

Sasa tazama upande wa fedha. Haki ya kutengeneza na kuuza dawa ile, serikali ya Marekani iliipa kampuni ya Ridgeback ya Miami, na Desemba 2020 dawa ikaidhinishwa huko kwa jina la Ebanga. Simlaumu aliyewekeza, kwa maana kutengeneza dawa ya kingamwili ni kazi ya gharama kubwa na hakuna kiwanda chake hapa kwetu. Ninachokiona ni kwamba kila aliyeshiriki alikuwa na karatasi inayotaja haki yake: taasisi ina hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, kampuni ina leseni, jarida lina haki ya kunakili. Aliyetoa damu, na mji uliozika watu wake, karatasi yao iko wapi? Muyembe mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa INRB, alikwisha kujibu kwa vitendo. Mwaka 2019 alieleza kwamba sampuli za mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri zitabaki Kongo, na anayetaka kuichunguza Ebola atakuja kuichunguza hapa. Mwanzoni mwa 2020 INRB ilifungua maabara Goma, na kwangu mimi jengo lile lina maana kuliko matamko mengi ya mikutano.

Kwa sheria, Mama, hali ni kama ifuatavyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Juni 2013, katika kesi ya kampuni ya Myriad iliyokuwa na hataza juu ya jeni mbili za saratani ya matiti, kwamba kinasaba kama kilivyo katika mwili wa mtu hakiwezi kuwa mali ya kampuni. Hata hivyo, kilichotengenezwa katika maabara kwa kukifuata, ikiwemo kingamwili, kinaweza. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa 2010 ambao nchi yetu imeukubali, inadai mgawanyo wa faida zinazotokana na mimea, wanyama na vijidudu, lakini vinasaba vya binadamu haivigusi. Mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 unataka makampuni yatakayojiunga na mpango wake yatoe asilimia 20 ya chanjo na dawa wakati wa janga, na angalau nusu ya hizo ziwe bure, lakini kiambatisho cha kuufanya utekelezeke kiliachwa kijadiliwe baadaye. Kwa sasa, basi, kinga ya mgonjwa wa Kamituga inategemea zaidi ile karatasi ya ridhaa anayoikubali kabla ya kutoa sampuli.

Na karatasi hiyo naifahamu. Kabla ya kushika kalamu nilifanya kazi ya maabara, na nimekaa mara nyingi kwenye benchi wakati inasomwa. Kurasa nne za Kifaransa, aya ndefu, na mtafsiri mwenye haraka anayezigeuza kuwa Kiswahili na Mashi kwa dakika tano. Siku moja mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto aliuliza kama damu "itafanya kazi nyingine." Mtafsiri akasema hapana. Mimi nilikuwa nimeisoma aya ya kumi na moja, iliyosema kwamba sampuli zinaweza kutumiwa katika tafiti nyingine zitakazokuja, nami nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa kijana na kazi ilikuwa mpya. Mama akachovya kidole gumba katika wino. Kidole kile sijakisahau.

Kwamba neno "tafiti nyingine" si dogo, Wahavasupai, kabila la wenyeji wa Arizona huko Marekani, wanajua. Katika miaka ya 1990 walitoa damu wakidhani inachunguzwa kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kikiwamaliza, kisha wakagundua kwamba imetumika kuchunguza maradhi ya akili, ndoa za ndugu kwa ndugu, na asili ya kabila lao, jambo lililogongana na imani yao. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichoichukua damu hiyo kililipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Wazee waliipokea wakiimba na kulia.

Kwa hiyo siamini kwamba dawa ya tatizo hili ni kulipana kwa chupa ya damu. Damu ikipewa bei, maskini ndiye atakayechomwa sindano mara nyingi zaidi, na huko Kamituga tunajua mtu hufanya nini akiwa na njaa. Nauli na siku ya kazi iliyopotea ni lazima zilipwe, hiyo si hongo. Lakini deni lenyewe ni la majibu, na ridhaa isiyosema majibu yatarudi kwa njia gani, kwa lugha gani na lini, mimi naihesabu kuwa nusu ya ridhaa. Ukiitwa tena kufanya kazi hiyo, uliza kabla ya kufungua kijiti cha kwanza: sampuli itakaa wapi na kwa miaka mingapi, nani ataamua itumike tena, na makala itakayotoka itasomwa bure au itafungwa. Waulize pia kama walio shambani watapewa nafasi ya kushiriki katika uandishi. Taratibu za majarida ya tiba hazimhesabu aliyekusanya sampuli tu kuwa mwandishi, lakini hazimzuii kualikwa kuchambua na kuandika, na mara nyingi mwaliko huo haufiki kwa sababu hakuna aliyefikiria kuutuma.

Tuje sasa kwenye dola zako 39. Mtafiti hulipwa na serikali au shirika. Anayeikagua makala kabla haijachapwa ni mtaalamu mwenzake, naye hufanya hivyo bure. Kisha mchapishaji huipokea, huipanga, na kuiuzia maktaba za vyuo vilevile vilivyomlipa mtafiti. Ndiyo maana kampuni kubwa ya kazi hii, Elsevier, hupata faida inayokaribia dola 40 katika kila 100 zinazoingia, kiwango ambacho biashara chache sana hufikia. Uhariri, kumbukumbu na mitambo vina gharama, hilo nalikubali, ila gharama hizo hazielezi bei unayotozwa wewe.

Usilipe. Mwandikie mwandishi wa mawasiliano, ambaye anwani yake ipo kwenye aya ileile uliyoiona. Watafiti wengi hutuma nakala kwa furaha, na wewe una sababu nzuri kuliko wengi. Angalia pia kama makala ilitangulia kuwekwa medRxiv, tovuti ya makala za tiba ambazo bado hazijakaguliwa, ambako hakuna malipo. Kisha mwombe daktari mkuu wa kituo chenu aulize juu ya Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unaozifungulia bure taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida. Kinachosajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi, na nywila huwa kwa mtunza maktaba. Nimekuta hospitali iliyosajiliwa miaka mingi huku wauguzi wake hawajui, kwa kuwa nywila ilikuwa imeandikwa ndani ya daftari katika droo ya mtu aliyekwisha kustaafu. Watu watakuonyesha Sci-Hub pia, tovuti inayotoa makala zilizofungwa bila ruhusa ya wachapishaji. Ni kinyume cha sheria za haki ya kunakili, nami sitakushauri uitumie, ingawa sina neno kali la kumwambia daktari wa zamu ya usiku aliyeitumia.

SWALI: Mimi ni asistanti katika chuo kikuu kimoja hapa mjini. Nimechunguza kwa miaka miwili vinasaba vya vimelea vya malaria katika bonde la Ruzizi, kwa msaada wa profesa mmoja wa Ulaya. Jarida moja limeikubali makala yangu lakini linadai dola 2,400. Siku hiyohiyo nilipata ujumbe wa jarida lingine linaloahidi kuchapa ndani ya siku 7 kwa dola 150. Kupanda kwangu cheo kunategemea makala hii. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, hilo la dola 150 liache leo hii. Hakuna anayeweza kukagua kazi ya miaka miwili kwa siku 7, na makala ikishachapwa huko haiwezi kupelekwa tena mahali pengine; wapo waliodaiwa pesa hata za kuiondoa. Mtunza maktaba mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, alitunza orodha ya majarida ya namna hiyo hadi Januari 2017 alipoifunga. Siku hizi ni afadhali kulitafuta jarida katika orodha ya majarida yanayosomwa bure, iitwayo DOAJ, au katika AJOL ambayo tangu 1998 hukusanya majarida ya Afrika.

Kuhusu dola 2,400, kwanza ujue mabadiliko yalitokeaje. Wanasayansi walipodai kwamba msomaji asilipe, wachapishaji wengi walihamishia malipo kwa mwandishi. Jarida la Nature liliweka bei ya euro 9,500 kwa makala moja kuanzia 2021. Kwa msomaji wa Kadutu mlango ulifunguka, lakini mtafiti wa Kadutu akafungiwa mlango mwingine. Ninaiona kuwa dhuluma, hata kama aliyeipanga hakuikusudia, kwa maana inamwacha Mkongo asome kila kitu juu ya malaria ya Ruzizi isipokuwa kilichoandikwa na Mkongo.

Hata hivyo njia zipo. Kama jarida lako ni la wazi kabisa, yaani makala zake zote husomwa bure, omba msamaha wa malipo, kwa sababu nchi yetu imo katika kundi la kwanza la nchi maskini, ambalo wachapishaji wengi wakubwa hulisamehe ada yote. Wengi hutaka uombe wakati wa kutuma makala, kwa hiyo andika barua leo, usingoje ankara. Kama jarida linachanganya makala za wazi na za kufungwa, chagua kufungwa, ambako kwa kawaida mwandishi halipi, kisha weka nakala yako iliyokubaliwa katika hifadhi ya chuo kwa kufuata masharti ya jarida.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza na ambalo nadhani litakujia. Majarida mengi huangalia nchi na chuo cha mwandishi wa mawasiliano ili kuamua nani asamehewe au chuo kipi kilipe. Profesa wako anaweza kukuambia, kwa nia njema kabisa, "Niweke mimi kuwa mwandishi wa mawasiliano, chuo changu kitalipa." Fikiri sana kabla ya kukubali. Barua zote za baadaye, mialiko ya mikutano na maombi ya ushirikiano humfikia anayetajwa hapo. Bonde la Ruzizi umelitembea wewe kwa miguu, na anayelichunguza kesho anapaswa kukuandikia wewe. Omba kwanza msamaha kwa jina lako; mkikataliwa, ndipo mzungumze, na mkikubaliana muandike kwamba mtakuwa wawili katika nafasi hiyo.

SWALI: Mimi ni mkulima wa Kabare. Vijana wa utafiti walikuja, wakachukua maharage yetu ya zamani, kilo moja ya kila aina, wakasema wanakwenda kutazama vinasaba. Je, siku moja mtu anaweza kutuuzia maharage yetu akisema ni yake?

JIBU: Mzee wetu, hofu yako ina msingi. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja alipata hataza juu ya maharage ya manjano ambayo mbegu zake alikuwa amezinunua Mexico, ambako wakulima walikuwa wakiyala vizazi na vizazi, akayaita Enola na kuanza kudai malipo kwa kila ratili iliyoingia Marekani. Kituo cha utafiti cha CIAT cha Colombia kilipinga kwa kuonyesha kwamba maharage ya rangi hiyo yalikuwa tayari katika ghala lake la mbegu. Ilichukua hadi 2009 hataza ile kubatilishwa kwa mara ya mwisho, na miaka yote hiyo wakulima wa Mexico walipoteza soko.

Kilichowaokoa ni kumbukumbu: mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa na kuandikwa zilikotoka. Maharage yamo katika mkataba wa kimataifa wa mbegu za chakula wa 2001, ambao unaruhusu mbegu zitoke kwa ajili ya utafiti na kilimo, lakini unamkataza mwenye kuzipokea kudai umiliki juu yake kama alivyozipokea. Vijana wale wakirudi, waombe nakala ya karatasi ya makabidhiano, na uhakikishe jina la kijiji chenu na jina mnaloliita kila harage kwa Mashi vimeandikwa juu ya pakiti, si namba peke yake. Mwombe na mwanao apige picha ya kila pakiti kabla haijafungwa, na ninyi mbaki na kilo yenu ya kila aina nyumbani, pakavu, yenye tarehe.